KUMBO HALALI HALINA KISASI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari. Imeandikwa hapa karibu kama ilivyozungumzwa.)



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Wazazi wetu mliohudhuria, maustadh, dada zangu na ndugu zangu vijana, najua tumbo likishashiba macho huwa mazito, na tarawehe yatungoja. Kwa hivyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimeombwa nizungumze juu ya kulipiza kisasi michezoni. Nami nimechagua mchezo ambao wengi hapa hawajawahi kuucheza, nao ni hoki ya barafuni. Naona mwacheka. Mtaniuliza, sisi na barafu wapi na wapi, barafu yetu ni ile ya kwenye juisi ya ukwaju! Haya, nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza, mchezo huu hauko mbali kama mnavyodhani. Pale Nairobi, katika hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa katikati ya miaka ya 2000. Hapo ndipo walipojifunza vijana wa timu yetu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakavaa jezi na kucheza mechi huko, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Nikiwaletea mfano wa Gor Mahia na AFC Leopards, au Arsenal na Manchester United, kila mmoja ataruka upande wake kabla sijamaliza sentensi. Lakini Vancouver na Colorado hazina mwenyewe humu ndani. Kwa hivyo tutaweza kuhukumu kwa haki, kisha kila mtu akajihukumu mwenyewe akifika nyumbani.

KUMBO NI NINI?

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao. Wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, mikononi wana magongo, na wanagombania kisahani cha mpira mgumu. Uwanja wa ligi kuu ya Marekani na Kanada, ile inayoitwa NHL, una urefu wa kama mita 61 na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta na vioo. Mchezaji akibanwa hana pa kutokea, ni wewe na ukuta. Na hawa watu wanakwenda mbio, wenye kasi wanapita kilomita 30 kwa saa.

Sasa, sheria za mchezo zinaruhusu kupigana kumbo. Mtu akiwa na kisahani, mpinzani ana ruhusa kumgonga kwa mwili ili amtenganishe nacho. Hiyo si rafu. Ni sehemu ya mchezo, kama vile kumnyang'anya mtu mpira miguuni kwenye kandanda.

Lakini kumbo lina masharti yake. Apigwe yule mwenye kisahani, au aliyekiachia sasa hivi. Apigwe kwa bega au kwa nyonga, na iwe mwilini. Kichwa kisilengwe. Asisukumwe kwa nyuma akaingia ukutani. Mpigaji asirukie, asitumie kiwiko, goti wala gongo. Akivunja masharti hayo, anaweza kuadhibiwa kwa dakika 2 au 5 katika kibanda cha adhabu, na timu yake inacheza pungufu ya mtu mmoja. Likiwa jambo kubwa anatolewa mechi nzima, na ligi inaweza kumfungia mechi zaidi.

Kumbo lililotimiza masharti yote hayo huitwa kumbo safi. Mwenye kupigwa anaweza kuruka juu, akaanguka chali, akaumia kweli kweli, na bado likawa safi. Naomba mlishike neno hili, maana mazungumzo yote ya leo yamesimama juu yake.

KINACHOFUATA BAADA YA KUMBO

Mchezaji amepigwa kumbo safi. Refa hakupuliza filimbi. Kisahani kimekwenda upande mwingine na mchezo unaendelea. Mara mwenzake aliyepigwa anakuja mbio, anatupa glavu chini, anamshika mpigaji na kumrushia ngumi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, “Namtetea mwenzangu.”

Jambo hili limekuwa la kawaida sana katika ligi ile. Si sheria iliyoandikwa, ni mila. Mila yenyewe inasema mtu wetu akiguswa lazima mtu wenu alipe, hata kama aliguswa kwa halali.

Na sheria inasemaje? Kupigana ngumi ni dakika 5 nje. Na refa akiona wewe ndiye uliyeanzisha, unaongezewa dakika 2, na juu yake dakika 10 nyingine za kukaa kibandani. Zile dakika 2 za ziada ndizo zinazouma timu, kwa sababu wenzako wanabaki wanne mbele ya kipa, na wapinzani watano. Mwaona hesabu yake? Mwenzako kapigwa kumbo, hamkufungwa bao. Wewe umekwenda kumtetea, ndipo mnapofungwa bao.

KISA CHA MWAKA 2004

Sasa niwasimulie kisa ambacho kila mpenzi wa mchezo huu anakijua.

Tarehe 16 Februari 2004, Colorado walikuwa wakicheza na Vancouver mjini Denver. Nahodha wa Vancouver aliitwa Markus Naslund, raia wa Uswidi, mmoja wa wafungaji bora wa ligi nzima. Katikati ya uwanja Naslund aliinama kukifuatilia kisahani, na kijana wa Colorado, Steve Moore, akampiga kumbo la bega. Naslund alianguka vibaya, akapata mtikisiko wa ubongo. Refa hakutoa adhabu. Ligi nayo ikalitazama tena tukio lile, ikaona Moore hakuvunja sheria. Naslund alikosa mechi tatu, kisha akarudi uwanjani.

Huyu Moore hakuwa nyota. Alikuwa na umri wa miaka 25, amesoma Chuo Kikuu cha Harvard, na ndio kwanza anatafuta nafasi ya kudumu katika ligi.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuisha. Wachezaji wa Vancouver walizungumza waziwazi mbele ya waandishi kwamba deni lile bado lipo. Wiki tatu nzima maneno yakapikwa.

Tarehe 8 Machi timu zikakutana tena, safari hii Vancouver. Kipindi cha kwanza, mchezaji wa Vancouver, Matt Cooke, akamkabili Moore wakapigana ngumi. Moore hakukimbia. Wote wawili wakaenda kibandani kutumikia adhabu zao. Kwa mila yao wenyewe, hapo deni lilikuwa limelipwa.

Kipindi cha tatu Colorado walikuwa wakiongoza kwa mabao mengi. Todd Bertuzzi wa Vancouver, mtu wa miraba minne na rafiki wa Naslund, akaanza kumfuata Moore kwa nyuma, anamvuta jezi, anamchokoza wapigane. Moore hakumjibu, akaendelea na njia yake. Ndipo Bertuzzi alipompiga ngumi ya kichwa kutoka nyuma, kisha akamwangukia kwa uzito wake wote, uso wa Moore ukagonga barafu. Wachezaji wengine wakarundikana juu yao. Moore alitolewa kwa machela, pingili tatu za shingo zimevunjika na ubongo umetikisika.

Hakucheza tena mechi ya ligi ile maisha yake yote.

Bertuzzi naye? Siku mbili baadaye alitokea mbele ya waandishi akilia, akiomba msamaha. Ligi ilimfungia msimu wote uliobaki, na hakuruhusiwa kurudi mpaka Agosti 2005. Alipoteza mshahara wa zaidi ya dola 500,000, na klabu yake ikatozwa faini ya dola 250,000. Huko Kanada akafunguliwa mashtaka ya jinai, na Desemba 2004 akakiri kosa la shambulio la kuumiza mwili. Hakufungwa jela, lakini aliwekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja na kupewa saa 80 za kutumikia jamii. Kesi ya fidia aliyoifungua Moore iliendelea mpaka Agosti 2014, ndipo wakamalizana nje ya mahakama. Miaka kumi, ndugu zangu, kwa ngumi moja!

Na Vancouver, timu iliyokuwa ikitetewa? Iliingia kwenye mtoano mwezi wa Aprili bila mmoja wa washambuliaji wake wakubwa, ikatolewa na Calgary raundi ya kwanza, katika mechi ya saba, muda wa nyongeza. Hasira hasara.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, kuumia si kudhulumiwa. Naslund aliumia, hilo hakuna anayelikataa. Lakini hakudhulumiwa, kwa kuwa aliingia uwanjani akijua kumbo ni halali, naye mwenyewe na wenzake wana ruhusa ya kuwapiga wengine. Tatizo letu vijana ni kwamba mwili ukiuma, moyo unatangaza dhuluma kabla akili haijaulizwa. Damu ikitoka tunatafuta mhalifu. Na mara nyingine mhalifu hayupo! Kuna ajali, kuna ushindani, kuna mtu aliyekuzidi siku hiyo. Wazee walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Pili, mwenye kulipa kisasi hakuwa mwenye kuumia. Naslund alikuwa amepona na amerudi kazini. Aliyebeba hasira ni rafiki yake. Hapa pana hatari kubwa, kwa sababu kisasi cha kujitetea mwenyewe watu hukionea haya kidogo, lakini kisasi cha kumtetea rafiki kinavaa nguo nzuri. Kinaitwa uaminifu, kinaitwa uanaume, kinaitwa kusimama na wenzako. Nasi tuliosoma madrasa twajua kwamba hata pale penye kosa la kweli, hukumu ina mwenyewe, nayo iko kwa kadhi. Haiko kwa swahiba wa mlalamishi.

Tatu, kisasi hakina kipimo. Kumbo moja lilizaa vitisho, vitisho vikazaa ngumi za kipindi cha kwanza, na ngumi zile zilizopaswa kufunga daftari hazikutosha. Kumbo hupimwa na refa. Kisasi kinapimwa na nini? Kinapimwa na hasira ya mtu wa mwisho, yule ambaye bado hajaridhika.

Nne, na hili tusilipite haraka, zile wiki tatu. Hasira ya papo hapo mtu anaweza kusema ilimtoka. Lakini kutoka Februari 16 mpaka Machi 8 ni siku 21. Hiyo si hasira iliyomtoka mtu, ni hasira iliyowekwa akiba. Na akiba ile haikuwekwa na Bertuzzi peke yake. Kila aliyesema “lazima alipe” alitia shilingi yake kwenye kibuyu. Mwishowe aliyeshtakiwa ni mmoja.

LAKINI JE, TUKIKAA KIMYA?

Najua kuna kijana pale nyuma anasema moyoni, “Ukikaa kimya watakuona bwege, na kesho watakupiga tena.” Hoja hii ina uzito, na wachezaji wenyewe huitoa. Wanasema refa haoni yote, nyota wa timu akiachwa bila mlinzi atavunjwa.

Nasema hivi. Kama kumbo lilikuwa chafu, kuna refa, na baada ya refa kuna idara ya ligi inayorudia picha na kuwafungia wachezaji. Huenda wakakosea, lakini wakikosea wao, haki ya kuhukumu haikuhamia kwenye ngumi yako. Na kama kumbo lilikuwa safi, basi unamlinda nyota wako na nini? Unamlinda na mchezo wenyewe! Wengine wakizoea kuadhibiwa kwa kufuata sheria, watajiuliza kuna faida gani ya kuifuata.

Wengine watasema, “Je, ikiwa sheria yenyewe ina tundu?” Swali zuri. Tarehe 7 Machi 2010, Matt Cooke, yule yule wa mwaka 2004, sasa akiwa Pittsburgh, alimpiga Marc Savard wa Boston kumbo la kichwa kutoka upande asiouona. Savard aliumia ubongo vibaya. Cooke hakuadhibiwa wala hakufungiwa, kwa sababu wakati ule hakukuwa na kanuni iliyolikataza kumbo la namna ile. Yaani kwa karatasi lilikuwa halali, na kila mwenye macho aliona si sawa.

Dawa ilikuwa nini? Mwezi huo huo wa Machi ligi ilipitisha kanuni mpya ya kukataza kumbo la upande linalolenga kichwa, ikaanza kutumika hapo hapo, na baadaye ikakazwa zaidi. Savard hakufaidika nayo. Alirudi kidogo, akaumia tena Januari 2011, na hapo safari yake ya kucheza ikaisha. Lakini waliokuja baada yake wamelindwa na kanuni ile kuliko ambavyo ngumi yoyote ingewalinda. Sheria mbaya hubadilishwa kwa sheria nzuri.

NDUGU YETU KADRI

Nimalizie na mtu ambaye jina lake litawagusa zaidi. Nazem Kadri ni Mwislamu aliyezaliwa London ya Ontario, Kanada, familia yake asili ni Lebanon. Sikumleta hapa kama malaika, na mtaona kwa nini.

Aprili 2019 alikuwa akichezea Toronto katika mtoano dhidi ya Boston. Jake DeBrusk wa Boston alimgonga ukutani Patrick Marleau, mchezaji mkongwe wa Toronto. Refa hakupuliza. Kadri akaenda moja kwa moja, akamsukuma DeBrusk usoni kwa gongo alilolishika kwa mikono miwili. Alitolewa, kisha akafungiwa mechi zote zilizobaki za raundi ile. Toronto wakapoteza katika mechi ya saba bila yeye. Na mwaka wa nyuma yake, dhidi ya Boston hao hao, alikuwa amefungiwa mechi tatu. Julai 2019 Toronto wakamuuza kwa Colorado. Na hata huko, mwaka 2021 alifungiwa mechi nane kwa kumpiga mpinzani kichwani.

Sasa angalieni Mei 2022. Katika mechi ya tatu ya mtoano dhidi ya St. Louis, Kadri akikimbilia kisahani aligongana na mlinzi, wakamwangukia kipa wa St. Louis, naye akaumia. Kadri hakuadhibiwa. Lakini baada ya hapo alitumiwa vitisho na matusi ya ubaguzi, juu ya asili yake na dini yake, mpaka polisi wakaingilia kati. Mechi iliyofuata ilikuwa nyumbani kwa St. Louis, uwanja mzima ukimzomea kila akigusa kisahani, na wachezaji wakimwandama kwa magongo.

Yule Kadri wa 2019 tungejua angefanya nini. Huyu wa 2022 alifunga mabao matatu. Colorado wakashinda 6-3.

Mwezi uliofuata alisukumwa ukutani kwa nyuma, akavunjika kidole gumba. Hilo lilikuwa kumbo chafu, na aliyempiga aliadhibiwa na ligi. Kadri akatibiwa, akarudi kwenye fainali, akafunga bao la ushindi la mechi ya nne katika muda wa nyongeza. Colorado wakalitwaa Kombe la Stanley, naye akawa Mwislamu wa kwanza kulinyanyua. Agosti mwaka huo akalipeleka kombe lile mpaka msikitini kwao London, watoto wakalishika kwa mikono yao.

Mtu yule yule, mikono ile ile! Mwaka 2019 ilishika gongo ikaligharimu taifa la mashabiki wake mechi saba za matumaini. Mwaka 2022 ilishika gongo lile lile ikaleta kombe msikitini.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, mwezi huu wa Ramadhan mafunzo ya kuzuia ghadhabu mmeyasikia kwa maustadh, na sitayarudia mbele yao. Mimi naacha maswali matatu tu, ya kujiuliza kabla mkono haujanyanyuka, uwe uwanjani, shuleni au kwenye foleni ya matatu.

La kwanza: hili limeninyima haki yangu, au limeniuma tu?

La pili: hukumu ya jambo hili ni ya nani?

La tatu: nikijibu, nani atakayelipa? Mimi, mwenzangu, timu yangu, au mama yangu atakayekuja kuniwekea dhamana?

Na wazazi wetu, kwa heshima zote, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akigongwa bega kwa halali kwenye kiwanja cha mtaa, msipige kelele pembeni, “Mrudishie!” Neno hilo ndilo shilingi ya kwanza kwenye kibuyu. Mwambieni ainuke, ajipanguse vumbi, aufuate mpira. Mpira umekwenda mbele, nao haumngojei mtu anayetazama nyuma kutafuta aliyemgonga.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.